Tumbawe la Mzee Mahmud Limefumba

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize, na ukitaka kunikaripia nikaripie tu, maana hapa Makadara sijapata wa kumweleza jambo hili asicheke. Mimi ni fundi wa friji, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikienda Donholm kwa mzee Mahmud kumtengenezea pampu na kipoza maji cha tangi lake la kioo, tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, na ni yeye aliyenifundisha kwamba kila tumbawe ni wanyama wadogo mamia walioshikana kama majirani wa ploti moja, nami jambo hilo likaniingia hadi nikajiundia tangi langu kwa vioo vya friji za madukani zilizotupwa, nikalilea mwaka mzima likiwa na samaki wawili tu, nikingoja siku ambayo mzee angeniambia sasa uko tayari.

Mzee alifariki miezi mitatu iliyopita. Mjane wake, Bi Khawla, angali katika eda, na siku moja pampu ilikwama bila yeye kujua, na nilipoitwa nikakuta matumbawe yote yamekufa isipokuwa moja la ukubwa wa ngumi. Akanena nami kutoka nyuma ya pazia: “Kisilu mwanangu, mengine yote yamemfuata mwenyewe. Limebaki hili. Lilee, na nikitoka eda, mlango wa kwanza nitakaobisha ni wako.”

Nililibeba kwa ndoo yenye mfuniko, na habari zikaenea, majirani wakaja kama wanaokuja kumwona mtoto mchanga, wengine na sukari mkononi, na jirani yangu Awiti akauliza mbele ya watu, “Fundi, kumbe umefuga jiwe? Usiku linabweka?” Basi nikaumia, nikaliweka juu kabisa chini ya taa mpya kali ili rangi yake ya kijani ionekane, na kila mgeni akija nalisogeza karibu na kioo, na mara mbili nimelitoa majini lipigwe picha. Siku ya tatu likafumba vinywa vyake vyote na kutoa ute. Nimelihamisha mahali pengine mara tano, nimemwaga chupa tatu za dawa, na maji yakipungua naongeza ya chumvi upesi, na leo, siku ya tisa, upande mmoja ni mweupe kama chaki.

Sasa kuna mtu anauza kipande kinachofanana nalo kabisa. Nilipomgusia mke wangu, Wanza, aliniangalia kutoka juu hadi chini. “Bi Khawla amelitazama hilo kila asubuhi akinywa kahawa,” akasema, “na wewe utamletea pacha? Thubutu!” Mshauri, umebaki kama mwezi mmoja na siku chache atoke. Nilibadilishe, nimwambie ukweli, au nimwombe asije?

Kisilu, Makadara

*

Kisilu,

Thubutu! Naliazima neno la mkeo kwa kuwa sina lililo bora.

Lakini kwanza nina maneno na Awiti, na wote wanaosoma ukurasa huu wakicheka chinichini. Mtu wa Eastlands akifuga kuku mia mbili tunamwita mchapakazi. Akinunua televisheni kubwa kuliko ukuta wake tunampongeza. Akiokota vioo vya friji zilizotupwa, akavibandika kwa mikono yake, akajaza bahari ndani na ikakaa mwaka mzima bila kuvuja wala kuoza, tunamuuliza kama jiwe lake linabweka! Nani alitudanganya kwamba uzuri una mitaa yake maalumu, na sisi wa Jogoo Road tumeandikiwa vumbi na mabati? Nimesoma vitabu vingi vya watu waliosomea bahari, Kisilu, na wachache kati yao wangeweza kuunda walichokiangalia. Wewe umekiunda. Kwa hilo navua kofia.

Nikishaivua, ngoja nikuchape nayo.

Ulidhani umeleta mtoto mchanga nyumbani, ukawaita watu waje wamwone. Fikiri tena. Hilo tumbawe limepoteza nyumba, maji liliyoyazoea, mwanga wake na wenzake wote, kwa mpigo mmoja. Ulichokibeba kwenye ndoo ile ni mfiwa. Nawe ukamkalisha chini ya taa kali, ukamzungusha kwa wageni, ukamtoa nje ya maji apigwe picha, kisha ukashangaa amefumba mdomo. Ungemfanyia hivyo Bi Khawla? Ungemvuta kutoka nyuma ya pazia lake, ajipambe, Awiti aridhike?

Basi sikiliza. Weupe huo peke yake hauna maana ya kifo. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimea vya kijani na kahawia, vidogo mno kuonekana, vinavyolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Likiteswa huvitapika, likabaki limepauka na lina njaa, lakini li hai. Chungulia bila kuligusa. Ukiona ngozi nyembamba, hata iwe kama kioo, bado liko. Palipobaki mfupa mtupu ulioanza kuota ukungu wa kijani, hapo pamekwenda, usipatolee machozi.

Literemshe chini ya tangi leo hii, mahali penye kivuli, maji yakipita polepole, na iwe mara ya mwisho mkono wako kuligusa. Taa ipunguze iwe hafifu, saa chache kwa siku, kisha uiongeze kidogo tu kila wiki. Dawa za chupa zitupe. Walioziuza hawakuliona tumbawe lako, waliuona wasiwasi wako. Badilisha sehemu ndogo ya maji kila baada ya siku chache, mapya yawe na chumvi na joto kama inavyotakiwa, hadi mabaki ya dawa yaishe.

Na chumvi, Kisilu! Fundi mzima wa kupoza na kugandisha, hujui kwamba maji ndiyo yanayopaa na chumvi inabaki? Siku tisa umekuwa ukilikausha kama samaki wa ng'onda. Maji yakipungua, ongeza maji matamu yaliyochujwa, yale ya kujaziwa dukani, kamwe yasiwe ya bomba yenye dawa ya mfereji. Pima kwa kipimo, na uishushe chumvi taratibu kwa siku kadhaa. Ukiishusha kwa pupa utalimaliza. Joto lisiyumbe. Hilo sikufundishi, ndiyo kazi yako, na ndiyo sababu mzee alikuamini.

Wageni waambie tangi limefungwa. Wakinuna, wanune na sukari yao.

Kuhusu lile pacha: siwezi kukuahidi kwamba tumbawe la mzee litapona. Kwa mwezi mmoja linaweza kufumbua kidogo, rangi itachukua miezi, na pengine lisiamke kabisa. Lakini likifa, litakuwa limekufa likiwa lake. La kununua likiishi miaka hamsini litakuwa uongo wako, na utalilisha kila asubuhi.

Kwa hiyo usimzuie kuja, wala usingoje aje ndipo agundue. Mtume Wanza kesho Donholm. Aingie ndani, akae naye, amwambie yote: taa, picha, chumvi, hata ile fikra ya pacha. Amwambie limepauka, limefumba, na sasa mmeliweka kivulini mkalinyamazia. Yule ni mwanamke aliyekaa ndani miezi mitatu bila manukato wala rangi, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Katika jiji hili lote, humpati mwingine wa kulielewa zaidi tumbawe hilo.

Na siku atakapobisha mlango wako, usiwashe taa. Mvutie kiti mbele ya kioo, Wanza alete kahawa, kisha ninyi wawili mtoke nje muwaache.