Mlio Niliousikia Peke Yangu

Jumanne, 4 Machi

Tangazo kwenye ukuta wa duka la dawa: gari linauzwa na mwenyewe, hakuna dalali. Mwenyewe! Hata mwizi hujiita mwenyewe. Lakini Mama hawezi tena kupanda basi — magoti yamekataa — na kliniki ni mara tatu kwa wiki. Nimepiga simu. Sauti ya kike, imetulia mno. Muuza gari anatuliaje?

Jumatano, 5 Machi

Mkunga mstaafu. Gari safi, makaratasi ndani ya bahasha, hata risiti za matairi. Nani hutunza risiti za matairi kama hajiandai kwenda mahakamani? Anataka milioni nne. Nikawasha, nikainamisha kichwa. "Unasikia? Injini inagonga."

Hakuna kilichogonga. Miaka ishirini ya malumbano magazetini imenifunza: sema jambo kwa uhakika, mwenzio ataanza kulisikia. Nikamhubiria kuhusu beringi, vyuma kusagana, ajali. Nikamtajia na magoti ya Mama. Akashuka hadi tatu na nusu bila ubishi. Sipendi. Anaficha nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia tena: mbili na nusu, kwa sababu ya ule mlio. Akaniomba radhi — radhi! — kwa kutaka kuniuzia kitu kibovu. Huyu ni fundi wa ujanja.

Mama ameniuliza kama mlio niliusikia kweli. Nikamwambia anywe dawa zake.

Ijumaa, 7 Machi

Hauzi tena! Ati miaka thelathini ya kuzalisha, hajamkabidhi mtu kitu asichokuwa na hakika nacho, sembuse gari la kumpakia mgonjwa. Ameita fundi aishushe injini. Mbinu ya kupandisha bei, hiyo! Nikamchukua Mama kwa teksi — malipo ya makala mbili yamekwenda — akashuhudie utapeli.

Injini iko chini kweli. Juu ya shuka kuukuu, vyuma vimepangwa kama vifaa vya wodini. Fundi ana grisi hadi kwenye nyusi. "Mzee, mimi sijaona kibovu hata kimoja."

Mkunga akanigeukia. "Kaka, wewe ndiye uliyesikia. Hebu tuonyeshe, ulikuwa unatoka wapi?"

Mama amekaa kiti cha nyuma cha gari lisilo na injini, mlango wazi. "Huyu tangu utoto husikia anachotaka," akasema.

Nimeomba msalani. Naandika humu, mlango nimefunga. Nje wananong'ona, Mkunga na Mama. Sasa Mama anacheka.

Anamwambia nini?