Miti ya Goli Imechipua

Ijumaa, 22 Januari 1999

Barwako amekuja leo kwenye cherehani yangu na gongo lake la hoki la zamani. Lile lile! Nilidhani yote yaliishia jikoni. Langu mimi lilimpikia mwanangu Kaviha uji mwaka ule wa njaa, na wala sikulia.

Lake alilifuma kwenye nyumba. Nyumba za Waorma ni fito zilizopindwa, halafu nyasi juu, na gongo la hoki limezaliwa limepinda. Likapata kazi. Kila walipohama alilifungua, akalifunga kwenye punda pamoja na fito nyingine, akalisimamisha tena huko waendako. Miaka yote hii gongo linafuata ng'ombe! Nikamuuliza, na nyumba sasa? Anasema imelegea upande wa mlango, si kitu.

Halafu akasema tufufue timu.

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Mimi magoti yananilia nikiinama kuokota sindano. Yeye ana wajukuu. "Mimi iko na miguu bado," anasema. "Wewe Mama Kaviha iko na mdomo. Kipa nataka mdomo tu."

Haitawezekana. Naandika hapa ili baadaye nisisahau kwamba nilisema mapema.

Jumapili, 24 Januari

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nawaza Barafu. Ndilo lilikuwa jina letu — wanawake wa Garsen, kwenye jua hili la kukausha mate mdomoni, tunajiita Barafu!

Jina lilitoka kwa Raija, yule Mfini wa mradi wa visima. Alifika mwaka wa themanini na tatu. Alituambia kwao ziwa hugeuka gumu, watu wanatembea juu yake, na wanawake wanavaa viatu vya chuma wanakimbizana na kisahani cha mpira kwa magongo. Mama mkwe wangu akasema kwa Kipokomo, huyu mtoto amepigwa na jua. Raija akaendelea tu. Timu yake ilikufa, alisema, maana wanaume walichukua uwanja. Wanawake wakaifufua wenyewe: wakateka maji, wakayamwaga nyuma ya ghala usiku kucha, yakaganda, wakapata uwanja ambao hakuna aliyekuwa ameutaka.

Siku moja akaingia nyumbani kwangu, akapiga magoti, akapapasa sakafu. Udongo wa mtoni na samadi ya ng'ombe, imesuguliwa mpaka inang'aa. Akarusha kisahani. Kikateleza mpaka ukutani. "Hii ndiyo barafu yenu," akasema.

Basi tukapiga sakafu uwanja mzima! Sisi Wapokomo, wakulima wa mtoni, tukaleta udongo, Waorma wenye ng'ombe wakaleta samadi. Udongo peke yake hupasuka, samadi peke yake hupeperuka. Kisahani tulikata kwenye akala, kile kiatu cha tairi. Mechi ya mwisho ilikuwa na wanawake wa Hola, waliofundishwa na Raija huyo huyo. Bao moja kwa moja, kisha ng'ombe wakaingia uwanjani na refa akapanda mti. Mwaka huo Raija akarudi kwao, na sisi tukarudi kwa waume na watoto.

Siku hizi Mpokomo na Muorma wanakutana sokoni tu. Na hapo napo mtu anauliza kwanza, haya maziwa yameletwa na nani? Barwako akija kushona gauni watu wanatazama. Lakini timu haikuwahi kutazamwa vibaya. Bila timu, sijui mimi na yeye tutaonana kwa kisingizio gani.

Kwa hiyo nitacheza. Mungu nisamehe magoti haya.

Alhamisi, 4 Februari

Mambo yanakwenda, na ndiyo maana nina wasiwasi.

Wachezaji tumepata, na magongo mapya tumechonga. Everline, mwalimu wa chekechea, anakimbia kama ameiba. Ikran, mke wa mtoto wa Barwako, amekuja na wenzake watatu. Dereva wa basi ametuletea jibu la Hola: watakuja Jumamosi ya tarehe ishirini, mwezi wa tatu. Wanasema bado wanadai bao lililoliwa na ng'ombe.

Uwanja ni ule ule wa zamani, kando ya malka, njia pana ya ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Ilibidi kumuomba Godana, shemeji yake Barwako, maana sasa yeye ndiye msemaji wa wenye ng'ombe. Alisikiliza akichokonoa meno. Akauliza swali moja tu, kama tutalima. Barwako akajibu kabla yangu: hawa wanacheza, hawalimi, mimi nasimama mbele yao. Godana akasema sawa, ng'ombe anywe kwanza, nyinyi baadaye.

Amesimama mbele yetu, yaani ametudhamini. Kwao hilo si neno la kuchezea.

Jumamosi, 13 Februari

Mgongo! Mikono! Nanuka zizi.

Tumepiga sakafu tangu jua halijatoka. Sisi na udongo, wao na samadi, na maji, maji, maji, ndoo kichwani kutoka mtoni. Tumekanyaga pamoja, tumesiriba pamoja kwa viganja. Ikran aliimba, Everline akaiga bila kujua maneno, akatukana mtu bila kukusudia, wanawake wa Kiorma wakagaragara kwa kicheko.

Mume wangu Nehemiah alikuja na miti minne ya goli. Mibichi, ya ule mti tunaozungushia nyua zetu. Hapa kwetu hakuna mtu anayechimbia mti mkavu — mchwa wataumaliza kabla hujanawa mikono. Akaichimbia vizuri, miwili huku, miwili kule, akashindilia. Nikamwagia maji yaliyobaki ili udongo ushike.

Nilifurahi leo. Nimeliandika, basi.

Jumatano, 24 Februari

Naandika nikiwa golini. Kipa, kisahani kikiwa upande wa pili, ni mtu wa starehe, ana kikapu chake, ana kalamu yake.

Kisahani kinateleza! Everline anapiga kelele, "Mathe, hii ni noma!" Barwako ameinama, leso kiunoni, gongo la nyumba mkononi, na bado anajua kupita kushoto huku macho yako yakiwa kulia. Amenifunga mara sijui ngapi. Kila akifunga anauliza kama mdomo umekwenda likizo.

Ng'ombe walikunywa, wakapita. Hakuna aliyekanyaga sakafu. Godana alisimama kidogo akatazama. Nadhani alicheka. Au alikuwa anakunja uso kwa jua.

Jumatatu, 8 Machi

Miti ya goli imechipua.

Kiangazi hiki! Kila kitu kimekauka mpaka mtoni, na miti yetu minne ina majani. Madogo, ya kijani, yanapendeza. Ni maji yetu ya kusiriba. Ni ule mti wenyewe, ukiuchimbia mbichi unaota — nani asiyejua hilo? Nyua zote za kijijini ni hivyo. Ila hatukufikiri. Ulikuwa mti wa goli, si mti.

Everline akaona ni bahati njema, akataka kuyafunga utepe. Barwako alisimama mbele ya goli langu, akashika jani moja kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto mwenye homa.

"Hii nataka nini hapa?" akauliza.

Nikasema Nehemiah ataing'oa kesho, ataleta mingine. Akasema leo. Nikasema Nehemiah yuko Ndera, kesho. Akatazama upande wa njia ya ng'ombe. Akasema tena, leo.

Ningemsikiliza. Lakini jua lilikuwa limekwisha zama, na mimi na magoti yangu.

Jumanne, 9 Machi

Zachary amewahi.

Huyu ni kaka mkubwa wa Nehemiah, ndiye anayegawa mashamba ya ukoo. Tulimkuta uwanjani na watu wake, anatabasamu kama mtu aliyeokota. Anasema hapa kwetu aliyepanda mti ana ardhi, tangu mababu. Nehemiah kapanda, mti umeshika, basi hapa ni pa Nehemiah. Pa ukoo.

Nehemiah akasema, kaka, hayo ni magoli. Zachary akasema goli halina majani.

Nikachukua jembe. Zachary hakunyanyua hata sauti. Akasema, shemeji, ukiung'oa huo mti umekataa ardhi ya ukoo, na anayekataa ardhi ya ukoo atalima wapi? Shamba letu la mtoni ni yeye aliyetugawia. Mahindi yetu, yanayokunywa unyevu wa mto, yako kiunoni sasa.

Nehemiah akanishika mkono. Nikaweka jembe chini. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Ijumaa, 12 Machi

Mkutano sokoni. Nilikuwa nyuma, nimeshika pindo la gauni la mteja kana kwamba kazi imenizidi.

Godana alisema maneno machache. Kwamba wanawake waliomba kucheza. Kwamba leo kuna miti, kesho kutakuwa na migomba, keshokutwa ng'ombe akipita ataitwa mwizi wa shamba. Kwamba malka moja baada ya nyingine imefungwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, na safari hii wamefungiwa kwa mchezo. Na lililo baya, hasemi uongo. Nimeona mimi mwenyewe ilivyofungwa ile ya juu.

Zachary naye akasema yake. Ng'ombe wamekula mahindi ya watu kiangazi kilichopita na hakuna aliyelipa. Hilo nalo si uongo.

Nilitaka kusimama niseme ni mchwa! Tuliogopa mchwa tu! Nilifungua mdomo — ule mdomo ambao Barwako anasema ndio unaofanya kipa. Hakikutoka kitu.

Barwako hakuonekana. Wanasema Godana hasemi naye. Yeye ndiye aliyesimama mbele yetu, kwa hiyo yeye ndiye mwongo.

Jumatatu, 15 Machi

Tangazo la serikali: atakayeonekana na mkuki, rungu au gongo atakamatwa. Askari walikwenda moja kwa moja kwa Everline, maana kila mtu anajua magongo yetu tunayaweka chekechea. Wameyabeba yote. Mmoja akamuuliza Everline wanawake mnataka kumpiga nani. Akajibu, Hola. Karibu alale ndani.

La Barwako tu ndilo halikuwemo.

Nimemtuma dereva wa basi awaambie Hola wasije. Amerudi anasema hakuwapata wote, na waliosikia wamesema tunawaogopa.

Alhamisi, 18 Machi

Ikran alipita mbele ya cherehani. Hakunisalimu. Aliporudi akainama kama anayefunga kiatu, akasema chini chini, Mama Barwako amerudisha gongo kwenye nyumba. Amelifunga kwa kamba mpya. Halafu akaenda zake.

Basi. Nyumba haitalegea tena. Nimekaa na gauni la Barwako hapa, bado upindo wa chini, na sijui nitalipeleka kwa nani.

Wameongeza. Zachary amepanda migomba mstari mzima kutoka goli hadi goli, juu ya sakafu yetu. Ametoboa mashimo kwenye sakafu tuliyosiriba kwa viganja! Nimelia jikoni. Nehemiah alisikia, akatoka nje.

Jumamosi, 20 Machi

Naandika golini. Asubuhi, jua ndiyo kwanza linatoka.

Nilimwambia Nehemiah jana kwamba nakwenda kuing'oa miti. Kuhusu shamba, potelea mbali, cherehani itatulisha au haitatulisha. Aligeukia ukutani. Alfajiri nikakuta jembe mlangoni, limenolewa.

Mti wa kwanza umetoka. Mizizi myeupe, mirefu, kama tambi. Wa pili umenishinda. Mzizi umepita chini ya sakafu na sakafu imepasuka nao, ufa unakwenda mpaka katikati ya uwanja. Nimechimba mpaka magoti yakakataa. Nimekaa kwenye shimo, nimeegemea mti wenyewe. Nahema. Nina majani kichwani.

Basi la Hola halijafika.

Upande wa mashamba naona watu wanakuja. Zachary yuko mbele. Kila mtu hapa hutembea na panga, hilo si ajabu. Ajabu ni wote pamoja, asubuhi moja, na hakuna hata mmoja anayeelekea shambani kwake.

Upande wa malka vumbi. Nikadhani ni ng'ombe wanakuja kunywa, nikashukuru. Si ng'ombe. Ni wenye ng'ombe, bila ng'ombe.

Nehemiah amefika. Hajakuja kwangu wala hajaenda kwa kaka yake. Amesimama pembeni pale kona ingekuwa.

Kuna mwanamke katika lile vumbi, mmoja tu, mbele ya wanaume. Namjua kwa mwendo. Hawakumwachia njia, ameichukua. Ananiangalia mimi, nadhani. Niko shimoni, labda haoni kama napanda au nang'oa.

Nimenyanyua ule mti wa kwanza juu ili auone una mizizi. Halafu nikawaza, kwa mbali, mtu aliyenyanyua mti anaonekanaje?

Nimeushusha.

Ameshika kitu kirefu. Kama nyumba yake imelegea tena upande wa mlango, basi ni gongo; la sivyo, ni mkuki. Namwita, "Barwako!" Sauti inatoka safari hii, lakini upande wa Zachary nao wameanza kupiga kelele. Anazidi kuja. Vumbi ni jingi, na kile kitu amekielekeza chini, kwenye nyasi. Sioni kama ncha yake imepinda.