Trikoo ya Bibi Imemukatalia Mujukuu

Mama Thérèse mupendwa, unisamehe kwanza kwa kukawia, maana tangu mwaka jana najiambia nitakuandikia, na kila mara nikishika bic mutoto mudogo analia ao maji inakuja kwa robinet na lazima nikimbie na bidon, lakini ukweli nilikuwa na haya, mutu mukubwa anaandikia redio juu ya trikoo, wasikilizaji watacheka, na wacheke tu, sina tena nguvu ya kuona haya.

Mimi ni Aurélie, mama wa Bahizire, niko Keshero, mutaa wa Goma, lakini kwetu ni Bukavu. Mama yangu Léocadie ndiye alinifundisha kufuma nikiwa kibinti, tulikuwa tunafumia watoto wachanga wa parokia kofia, na nilikuwa najua kweli, lakini nilipoolewa huku Goma niliacha, mimba, kazi, kukimbia, kurudi, sindano zikakaa ndani ya sanduku miaka mingi mpaka moja ikapinda.

Sasa mama alianza kumufumia Bahizire trikoo, sweta ya kufuma kwa mukono, ya kijani, rangi ya majani ya chai, asisikie baridi ya asubuhi akienda shule. Akamaliza mugongo tu, upande wa nyuma. Kisha ugonjwa wa sukari ukamukula macho, haoni tena. Akanitumia ule mugongo kwa boti, pamoja na leni kidogo, uzi wa kufumia, iliyobaki, akanipigia simu: "Malizia, Aurélie. Mimi nimefika hapo." Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, hatafuma tena, yeye anajua na mimi najua.

Nikauweka kwa mugongo wa mutoto. Haukufika kiunoni, na kwa mabega umekosa upana wa kiganja. Mama Thérèse, mara ya mwisho mama alimuona Bahizire akiwa bado wa kubebwa, kisha vita ikatukatia njia, na ndani ya kichwa chake mutoto amebaki vile vile, kumbe huku anaruka kamba na kupigana kule maternelle, shule ya watoto wadogo. Kila Siku ya Mungu, tukitoka misa, mama ananiuliza kwa simu, "Inamutosha?" Na mimi najibu, "Inamutosha, mama, kama vile ulimupima jana." Anacheka, anasema, "Unaona? Mikono yangu haimusahau mujukuu wangu."

Nikajaribu kufuma upande wa mbele. Vidole vyangu vimekuwa vya mutu mwingine. Nikikaza uzi, sindano inalia, nikilegeza, vitanzi vinaanguka, nafuma mustari, nahesabu, kimoja kimepotea, nafumua, uzi unatoka manyoya kama panya aliyelowa, naanza tena, kingo zinajikunja. Jirani yangu Mama Jeancy akapita akaniangalia, akasema, "Mama Bahizire, hiyo ni trikoo ao ni wavu ya kuvua samaki sambaza?" Nikamujibu, "Ni wavu, nikuvue weye." Tukacheka, na alipotoka nikalia.

Yeye ananishauri nifumue ule mugongo wa mama, leni yote nimupelekee mama mumoja wa mutaa wa Mapendo mwenye mashine ya kufuma, aifanye upya kwa kipimo cha sasa. Nikamuambia mama atajua. Akasema, "Kipofu atajua na nini?" "Na vidole." "Basi umuambie vidole vimezeeka!"

Noeli tutapanda boti, kama Mungu akipenda na kama boti zinatembea. Kitu cha kwanza mama atafanya ni kumupapasa Bahizire mugongoni. Nisipofumua, mutoto hatavaa. Nikifumua, kazi ya mama imekufa na badala yake kutakuwa wavu yangu. Siku moja nilishika mwanzo wa uzi nikavuta kidogo, mustari mumoja ukatoka, nikasikia kama namuvua mama nguo mbele ya watu. Nikaacha. Nifanye nini?

Na kama kuko musikilizaji mwenye roho, vitu bado nahitaji munitumie ni hivi: sindano mbili za kufuma namba ine, zisizopinda, leni ya kijani, mabonge mawili, hata kama rangi hailingani sawasawa, sindano moja ya kushonea yenye tundu kubwa, na mutu wa kunionyesha tena namna ya kupunguza vitanzi kwa shingo, maana hapo nimesahau kabisa.

*

Aurélie mwanangu,

Pole. Hakuna mutu wa kukucheka hapa, na mwenye kucheka afunge redio. Ila nitakugombeza, kaa vizuri.

Sindano iliyolala miaka haiamki siku moja. Ulitaka vidole vya kibinti ndani ya mikono inayofua nepi na kubeba bidon, utavitoa wapi? Fuma kitambaa kidogo cha bure, ukiharibu ufumue, mpaka mukono ulegee. Wavu ni kazi ya kila anayeanza tena.

Mugongo wa mama yako usiuguse. Ule mustari uliovuta, uurudishe, hata ukikaa vibaya. Kwa mashine usipeleke. Okota vitanzi kwenye kingo zake mbili, ufume utepe kila upande, kisha okota chini, ufume kushuka mpaka kiunoni. Kazi ya mama ikae katikati, yako iizunguke. Itaonekana kwamba ni mikono miwili na rangi mbili. Ionekane.

Sasa lile linaloniuma. Unamudanganya muzee kila Siku ya Mungu na unaona ni huruma. Sikiliza unachomuambia: "Inamutosha, mama." Maana yake mutoto hajakua! Mwanamuke amekaa Bukavu ndani ya giza, anasikia risasi, anasikia fulani amezika, fulani amezika, yeye anaomba nini usiku na muchana kama si mujukuu akue? Amekua, na weye umemuficha. Mama Jeancy anakuambia udanganye vidole, lakini masikio ulishayadanganya weye mwenyewe.

Sitakuahidi kwamba Noeli boti zitatembea. Sitakuahidi kwamba atakungoja, sukari haina urafiki na mutu. Ndiyo maana usingoje boti. Chukua kamba, umupime Bahizire, toka shingo mpaka kiuno, bega mpaka bega, kisha umuhesabie mama kwa viganja, aweke mikono yake hewani apate ukubwa wa mutoto. Namna ya kupunguza vitanzi kwa shingo, umuulize yeye. Amekosa macho, hajakosa mudomo.

Umupigie leo, usingoje Siku ya Mungu. Useme, "Mama, nilikudanganya, mutoto amepita kipimo chako." Akilia, usikate simu.