Migongo ya Ndege ya Madam

Jumatatu, 13 Aprili

Karakana tena. Eisii inavuma, chai ipo, jasho hakuna. Kama ni ndoto nisiamshwe.

Mimi na Wafula tumemaliza kufunga ubavu wa kushoto. Madam Mjerumani mwenye mgahawa Jumeirah Lake Towers anataka ndege ya zamani isimame katikati ya meza zake. Nusu ya ukubwa wa ile ya kweli, na ngozi yake yote bati la migongo. Arbab, ndivyo tunavyomwita bosi huku, alipouliza nani anajua bati, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nimeezeka Njombe nzima, bwana.

Arbab kasema wazi. Madam akiipenda, tunabaki humu ndani. Asipoipenda, tunarudi site, juani, na joto ndiyo kwanza linakuja. Sitaki kurudi. Sitaki kabisa.

Jumatano, 15 Aprili

Ubavu wa pili tayari. Unang'aa. Wafula, Mkenya wa Bungoma asiyejua kufunga mdomo, kaimba kutwa nzima. Nimemwachia.

Saa ya chakula tukatoka kuwasalimia wenzetu wanaojenga bohari nyuma yetu, hapa hapa Freezone. Wanakula wamechuchumaa ukutani, wanahama kivuli kinavyohama. Niliona aibu na chupa yangu ya maji baridi. Nikawaachia.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwisha.

Madam kaja. Kaizunguka ndege yote. Kisha katoa picha kwenye simu. Kwenye picha migongo inatoka puani kwenda mkiani, inafuata upepo. Yetu inashuka toka juu hadi chini, kama paa. Nimeilaza ili maji yateremke! Ndege, jamani. Ndani ya mgahawa. Maji gani?

Picha hiyo nilikuwa nayo tangu mwanzo. Nikaangalia umbo tu. Habari ya kulaza bati sikuona cha kumuuliza mtu.

Wafula akaangua kicheko. "Buda, umetujengea nyumba yenye mabawa!" Nilitamani kumrushia nyundo. Arbab hakucheka. Madam anarudi Jumanne. Akikuta bado, yalla, site.

Jumapili, 19 Aprili

Ibada Oud Metha asubuhi. Sikusikia mahubiri, nilikuwa nawaza ribiti. Mchana tumebandua pande zote mbili. Bati lililokwisha kupindwa halinyooki tena, tumeanza na mapya. Mikono imechubuka. Hasira zimeniisha, njaa imebaki.

Wafula kanisomea maelezo yatakayobandikwa ukutani kwa madam, akinitafsiria. Mzee aliyeanzisha kiwanda cha ndege hizo Ujerumani alikuwa profesa, na mwanzo alitengeneza mitambo ya kuchemshia maji ya kuoga. Ndege kaziingia mtu mzima tayari. Wengine walitumia mbao na kitambaa, yeye akang'ang'ania chuma. Ya kwanza ilikuwa nzito, wakaiita punda wa bati. Ikaruka! Baadaye ndiyo akatumia aluminiamu, nyepesi, yenye migongo ya kuikaza.

Nimempenda mzee huyu. Mtu wa maji ya kuoga! Basi mtu wa mapaa naye asikate tamaa.

Jumanne, 21 Aprili

Ribiti ya mwisho tumeipiga madam akiwa mlangoni. Wallahi, mlangoni.

Kaweka kiganja puani, kakiburuta taratibu hadi mkiani. Katabasamu. Karudia tena kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Arbab akasema khalas, nyie wawili ni wa humu ndani. Wafula alinibeba juu juu mbele za watu, na uzito wangu huu. Nimelia kidogo, chooni. Sioni haya kuliandika.

Jumamosi, 25 Aprili

Ndege imekwenda kwa madam. Karakana pana sana leo.

Yale mabati tuliyoyaharibu yalikuwa yamelala nyuma, yamepinda vile vile. Juzi nilimwomba Arbab, akasema chukua, yananiziba njia. Jana na leo asubuhi mimi na Wafula tumesimamisha mabomba kando ya ukuta wa bohari, tukayafunga juu yake. Mchana wenzetu wamekula wamekaa chini, miguu wameinyoosha, hakuna aliyehama. Mmoja kasinzia kijiko mkononi.

Nimetazama juu. Migongo inashuka toka juu hadi chini. Mvua huku ni nadra, lakini ikija, maji yatateremka vizuri.