Harufu ya Ubani Nyumbani kwa Atieno

Jumatano. Tangu asubuhi ziwa limetoa wale wadudu wadogo wanaopanda juu kama moshi. Nimefunga madirisha yote ya nyumba yangu hapa Migosi, Kisumu, na chai yangu imepoa nikiiangalia.

Jumamosi tulimzika dada yangu Atieno. Alikufa kwa uzee tu, kitandani kwake, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Mwaka jana aliniambia, "Nikishaenda, andika ile habari kwa hiyo blogu yako. Wasichana wasome. Nikiwa hai nitaona haya."

Kwa hiyo naandika.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni. Mimi nilikuwa na cherehani yangu mjini Kisumu, nashona sare za shule. Atieno, mdogo wangu, alikuwa ameolewa karibu na Luanda Kotieno, katika boma lililo juu kidogo ya ufuo wanakoshusha samaki. Mume wake, Onyango, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, na nyumbani alikuja kwa nadra. Atieno aliishi na mama mkwe wake.

Asubuhi moja dereva wa pikapu ya samaki alisimama mlangoni kwangu na injini ikiunguruma.

"Mama, unaitwa kwa dada yako. Wanasema ameingiwa."

Hakusema ameingiwa na nini. Kwetu mtu akisema hivyo, unajua ni jochiende, wafu waliokataa kulala. Nilifunika cherehani kwa kitambaa nikapanda.

Tulifika adhuhuri, jua likiwa kichwani. Boma lilikuwa limejaa watu na hakuna aliyekuwa akisema. Wanawake walikaa kwenye kivuli cha ukuta, miguu wameinyoosha, wakitazama mlango wa nyumba ya Atieno.

Na kulikuwa na ubani.

Niliusikia kabla sijasalimia mtu. Harufu tamu, nzito, kama kanisa siku ya sikukuu. Mama mkwe aliniona nikinusa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kidogo, lakini siku hiyo alinishika mkono kama mtoto.

"Umeisikia na wewe? Siku nyingi sasa nyumba inanuka hivyo. Hakuna mtu amechoma kitu. Nimetafuta kila mahali, hata kwa paa."

Aliniambia watu wa maombi walikuwa njiani na ngoma zao. Wangemfungia ndani bila chakula wala maji mpaka waliomwingia watoke. Wasipotoka, wangeendelea.

Niliingia peke yangu.

Atieno alikuwa amekaa wima kitandani, blanketi kiunoni. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina. Nilianza kufikiri wamemsingizia. Halafu akageukia ukuta mtupu uliokuwa kati yetu, akasema kwa adabu, "Sogeeni kidogo, dada yangu apite."

Akangoja, kama mtu anavyongoja wenzake wakusanye nguo zao.

"Pita sasa. Wamekupisha."

Mungu anisamehe, nilipita ubavu-ubavu, nisiwaguse.

"Dani yuko hapo mwisho," akaniambia. Dani ni nyanya yetu, tuliyemzika tukiwa wadogo. "Anasema miguu yake imepotea. Na yangu pia, Akinyi. Sijui nimeiacha wapi."

Nilitazama. Miguu yake ilikuwa hapo hapo, imetokeza chini ya blanketi. Nilishika kidole gumba nikakibana. Hakugeuka hata kunitazama.

Nilikaa kando yake, na hapo kitandani harufu ilikuwa kali zaidi kuliko nje. Mwili wangu uliitambua kabla ya akili yangu. Mapaja yangu yalijifunga yenyewe.

Ile haikuwa harufu ya kanisa. Niliijua kutoka nyuma ya pazia la kliniki.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hata watoto wangu hawalijui. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeota chunjua sehemu za siri. Nilizipata kwa mume wangu, maana sikuwa nimemjua mwingine. Nilipelekwa kwa nesi mmoja wa makamo, mwanamke wa Nyakach, aliyenitibu kwa dawa ya rangi ya kahawia iitwayo podofilini. Huchanganywa na utomvu ule ule wa ubani ili igande kwenye ngozi. Kabla ya kunigusa aliniuliza kama nina mimba, akauliza tena kwa njia nyingine, kwa sababu mwenye mimba hapakwi kabisa. Alizungusha Vaselini kwenye ngozi isiyo na chunjua, akachovya pamba kwenye kijiti, akagusa chunjua tu, chache kwa siku moja. Akaniacha nimelala mpaka ikauke. "Baada ya masaa manne unaosha kwa sabuni na maji mengi," alisema. "Usipoosha, hii dawa haijui kusimama. Itaingia kwa damu." Sikupewa chupa. Nilirudi kwake kila wiki mpaka zikaisha.

Nilimwinamia Atieno sikioni. "Nyamera, dada yangu, ulipaka nini?"

Alitazama ukuta kwa hofu. Akanong'ona, "Wasisikie."

Kwa hiyo nikasimama. Niliwageukia wale wasiokuwepo, nikawaambia kwa sauti yangu ya kawaida, "Tafadhali, tokeni nje kidogo. Nataka kuongea na dada yangu." Macho ya Atieno yaliwafuata mlangoni, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wengi, kwa jinsi ilivyochukua muda. Wa mwisho alipotoka, yeye mwenyewe akafunua blanketi.

Alikuwa amejifunga kitambaa kama mtoto wa nepi. Kilikuwa kimelowa rangi ya kahawia na kukauka kikawa kigumu. Nilipokibandua, ngozi ya chini ilikuwa nyekundu, imechubuka, kuanzia kinena mpaka ndani ya mapaja. Chini ya mto kulikuwa na chupa nyeusi, karibu tupu.

Mambo yalivyokuwa niliyapata kwa vipande, mengine siku hiyo na mengine baadaye. Alikuwa ameenda kwa daktari fulani mjini bila kuniambia. Kwa kuwa anatoka mbali, aliandikiwa dawa ya kubeba nyumbani. Huenda daktari alieleza yote. Atieno alikuwa ametazama sakafu muda wote kwa aibu, na alisikia neno moja tu, paka. Onyango alikuwa anakuja kwa likizo. Alitaka asikute kitu. Akapaka asubuhi na jioni, akapaka na mahali ambapo hapakuwa na chunjua, kwa tahadhari, akafunga kitambaa isifutike. Hakuosha.

Nilitoka nje na chupa mkononi.

Mbali kidogo, upande wa barabara, ngoma ilikuwa imeanza kusikika. Pikapu ilikuwa ikipakia samaki ufuoni, nayo isingengoja. Wanawake wote waliniangalia.

Ningeweza kusema amekula sumu. Ningeweza kusema chochote. Lakini nilijua mama mkwe asingemtoa mtu bomani kwa maneno ya juu juu, na hospitali ingetaka ukweli.

"Mama," nikasema, "si jochiende. Ni dawa hii. Amepaka nyingi na imemwingia kichwani. Hata hiyo harufu inatoka kwa chupa."

"Dawa ya nini?"

Nikamwambia ya nini. Nililitaja jina la ugonjwa kwa Dholuo, wazi, mbele ya wote.

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi pia nimepakwa."

Mama mkwe alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni Katito.

"Ugonjwa kama huo mwanamke wa boma anautoa wapi?"

"Wangu niliutoa kwa mume wangu. Wa Atieno, Mama, muulize mtoto wako akitoka Kericho."

Nilidhani atanipiga. Aligeuza uso upande wa ziwa, akakaa hivyo, na ngoma ikikaribia. Alipogeuka tena aliuliza jambo moja tu.

"Maji ya moto ama baridi?"

"Vuguvugu. Na sabuni."

Alileta mwenyewe. Alishika karai huku ametazama pembeni, kwa heshima, nami nikamwosha Atieno, nikamwaga maji, tukaleta mengine, nikaosha tena mpaka maji yakabaki meupe. Alilia kwa kuchomwa, na kilio kile kilinifurahisha, kwa maana kilikuwa chake. Watu wa maombi walipoingia bomani mama mkwe alisimama mlangoni akawaambia mgonjwa anasafiri. Tulimbeba hadi kwenye pikapu, tukamlaza kwenye magunia kando ya samaki. Chupa niliishika mpaka Kisumu.

Hospitalini daktari alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama. "Nani amemwosha?" Nikasema ni sisi. Akasema ingekuwa siku moja zaidi, nisingekuwa na mtu wa kuleta. Dawa ya kuiondoa mwilini haikuwepo. Walimwekea maji ya mshipa, wakapima kama ana mimba, hakuwa nayo, tukabaki kungoja. Alitapika. Aliongea na watu juu ya dari. Kisha asubuhi moja akaomba uji, akauliza mbona analala hospitalini.

Lakini miguu haikurudi naye.

"Akinyi, niwekee miguu kitandani."

"Iko kitandani."

Aliinua shuka, akaitazama kama miguu ya mgeni. Kwa miezi mingi alitembea akiangalia chini, akiiweka moja moja kwa macho. Siku moja jikoni nilisikia nyama inaungua, na hakukuwa na nyama. Alikuwa amekanyaga kaa la moto, anasimulia hadithi, anacheka. Hisia zilipanda na kushuka, zikarudi kidogo kidogo, ila vidole havikuamka tena mpaka anaingia kaburini.

Onyango alikuja. Mama yake alimngoja kwenye lango la boma. Sikuwepo, na hakuna aliyewahi kuniambia walichosemezana, ila kabla likizo haijaisha alikuja Kisumu na Atieno, wote wawili, nikawapeleka kwa yule nesi wa Nyakach. Onyango alilalamika kama mtoto. Chunjua ziliisha, polepole, inavyotakiwa.

Mimi nililipa kivyangu. Maneno yalisafiri haraka kuliko pikapu. Mume wangu aliacha kunisemesha kwa muda mrefu, na wateja wengine walihamisha vitambaa vyao. Sikujuta. Nilikuwa na dada.

Siku hizi kuna dawa za kupaka mwenyewe nyumbani, nimesikia, na chanjo pia. Vizuri. Uliza tu hata mara tatu, unapaka wapi, kiasi gani, unaosha lini. Inua uso ukiuliza.

Jambo moja silifahamu. Daktari alisema wale watu walikuwa sumu ya dawa, na mimi namwamini daktari. Lakini tukiwa tumezeeka nilimuuliza Atieno kama anakumbuka chochote. Akasema anakumbuka mlango ukiwa wazi na mimi nimesimama uani na chupa, nikiongea na mama mkwe wake, na mtu amesimama nyuma yangu ameniwekea mkono begani ili nisirudi nyuma.

"Dani?" nikauliza.

"Hapana. Ulikuwa wewe. Lakini mzee."

Tulicheka. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akasema nywele zangu sasa zinakaribia kuwa zile alizoziona siku ile.

Wadudu wameanza kushuka. Nimejitazama kwenye kioo cha dirisha, nywele nyeupe zote, na mkono wangu wa kulia umekuwa mzito tangu mazishi. Je, ni leo ndipo ninapotakiwa kwenda kusimama pale uani, nyuma ya yule Akinyi mwenye chupa, au nilishakwenda?