Miwani ya Spoku Mbili

Ijumaa, 3 Agosti 1979

Nimefika Ikutha saa kumi jioni. Likizo imeanza. Sanduku la lenzi limesafiri mapajani mwangu kutoka Makindu, na hakuna hata moja iliyovunjika. Lenzi mia moja na ishirini, za duara, kila moja imeandikwa nguvu yake kwa wino. Daktari wa macho aliyenipa alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuzisafirisha. Fremu hakuwa nazo. Alisema kwa mzaha kwamba mwalimu wa fizikia hawezi kushindwa na waya. Sikucheka. Ilikuwa kauli sahihi.

Nyumbani, dada yangu Muthoki amenisalimu kama mtu anayemlipa karani. Viondo vyake viwili, vikapu vya kusuka kwa mkonge, vimerudishwa kutoka Nairobi — uzi umeruka, mara tatu katika kimoja, mara mbili katika kingine. Yeye! Mwanamke aliyewafundisha akina mama wote wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, namna ya kuanza kitako cha kiondo! Barua ya mnunuzi ni fupi: tarehe 25 mkaguzi atakuja mwenyewe hapa, na mama ambaye hata kiondo chake kimoja kitakataliwa atatolewa katika oda. Mvua imekosekana misimu miwili, mumewe alishafariki, oda hiyo ndiyo shamba lake. Tena watu wamekwisha kumtaja atakayeichukua nafasi yake: Syokau, mwanafunzi wake mwenyewe.

Nilimpa Biblia ya Kikamba asome. Akaisogeza mbali, akaisogeza tena, hadi mkono ukaisha. Kisha akawalaumu wachapishaji: siku hizi wanaweka wino kidogo, wezi hawa.

Ana miaka hamsini na miwili. Tatizo lake limeuzidi mkono wake urefu, basi.

Jumatatu, 6 Agosti

Masharti niliyojiwekea: pasiwe na kuchomelea, pasiwe na skrubu, pasiwe na bawaba. Zana ziwe koleo, tupa na msumari mnene. Gharama isizidi nusu kilo ya sukari. Chuma kiwe kile kinachopatikana katika soko lolote kati ya Zombe na Makindu. Jibu ni moja: spoku ya baiskeli. Ni ngumu, inarudi umbo lake, haishiki kutu upesi. Spoku moja inatosha duara mbili na daraja la puani. Ya pili, ikikatwa katikati, inatoa miguu miwili ya kushika masikio. Mipindo kumi na mmoja kwa jumla. Nimeichora kwa kipimo mara mbili ya umbo halisi. Mchoro ni safi. Niliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Dukani kwa Muktar niliomba spoku kumi na mbili.

"Mwalimu, baiskeli umenunua lini?"

Sina baiskeli, nikamwambia.

"Huna baiskeli. Na unataka spoku." Akamgeukia mkewe Shamis aliyekuwa akipima mchele. "Huyu anajenga baiskeli kuanzia ndani."

Shamis akasema waache wasomi. Mwaka jana mwingine alinunua kengele tu.

Jumatano, 8 Agosti

Fremu ya kwanza imeshindwa. Daraja la puani nililipima kwa kufuata kitabu, na kitabu kina pua yake: ndefu, nyembamba, iliyoinuka kama paa la kanisa. Juu ya pua ya Muthoki miwani iliteleza hadi mdomoni. Akauliza kama ni ya kuonea au ya kuonja.

Nimepima pua sita za jamaa zangu kwa rula. Wastani wa upana ni mkubwa kuliko wa kitabu kwa milimita nne. Nimelipanua daraja na kulishusha. Jamaa wamekubaliana kwamba elimu imenifikisha mahali.

Jumamosi, 11 Agosti

Imekamilika! Uzito wake na lenzi zake ni mdogo kuliko wa yai. Umbali kati ya mboni na mboni: milimita sitini na tatu, umepatikana hasa. Lenzi za nguvu ya mbili na nusu.

Muthoki aliketi kwenye kigoda mlangoni, akavaa, akachukua kiondo alichokuwa amekianza. Akautazama uzi, akautazama tena. Kisha akaviweka vyote chini na kuitazama mikono yake, upande wa juu na viganja.

"Kumbe imezeeka hivi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani. Nimeandika kauli hiyo kama ilivyotoka.

Baadaye akavitoa viondo vitatu alivyokwisha kuvisuka kwa ajili ya oda, ambavyo hadi asubuhi ya leo vilikuwa kamili. Akavihesabia makosa kwa kidole. Saba! Kuvifumua na kuvisuka upya kunahitaji wiki sita. Ukaguzi uko wiki mbili mbele. Mkaguzi anataka vinne: hivi vitatu, na cha nne anachokisuka sasa. Kwa hiyo mchango wangu hadi sasa ni huu: mwanamke aliyekuwa na makosa saba na usingizi mzuri, sasa ana makosa saba.

Jumapili, 12 Agosti

Alivaa miwani kanisani. Hakuna cha kusuka kanisani, na Mchungaji Kilonzo kwa umbali ule alikuwa ukungu tu kwake — nilimweleza hivyo kabla hatujatoka. Akajibu kwamba sura ya Mchungaji anaijua tangu zamani.

Athari zake hazikuwamo katika mchoro. Waliomwita "Mama Mutie" juzi leo walisema "Mama, shikamoo." Aliombwa asome matangazo. Baada ya ibada akina mama watano walinizunguka wakitaka zao. Nilipouliza nani haoni karibu, wakatazamana. Syokau, mwenye umri wa miaka thelathini na macho ya mwewe, aliomba kwa heshima kubwa kwamba yake isiwe na vioo. "Hivyo vioo vinaongeza uzito tu, Mwalimu."

Jumanne, 14 Agosti

Muthoki ameanguka.

Njia ya mtoni, saa tatu asubuhi. Mtungi wa maji mgongoni, ukanda wa mzigo kwenye paji la uso, kiondo mkononi — na miwani yangu machoni. Alikanyaga ukingo wa korongo akidhani ni ardhi tambarare. Goti limechubuka vibaya, mtungi umepasuka. Kiondo alikiinua juu alipokuwa akianguka. Hakikupata hata vumbi. Fremu haijapinda milimita moja. Nasikitika kuandika kwamba fremu ndiyo niliyoikagua kwanza.

Nilimwambia, kwa utulivu, kwamba miwani ile ni ya kusukia, si ya kutembelea.

"Wewe Nzomo. Uliniona lini nikisuka nimekaa?"

Nilianza kuhesabu siku nyuma.

"Jumamosi," akajibu mwenyewe. "Nilikaa ndio wewe upime."

Mama yetu alisuka akitembea. Mama yake pia. Hakuna mwanamke hapa anayeketi mchana kusuka; kusuka ni kazi ya mikono wakati miguu ina kazi nyingine na mgongo una ya tatu. Nimelijua hilo kabla sijajua kusoma — nilikua nikifuata visigino vya mwanamke aliyekuwa akisuka! Hata hivyo nimekokotoa kila kitu kwa ajili ya mtu aliyeketi mezani, kitabu mbele yake, taa upande wa kushoto. Mtu huyo namfahamu. Hakuna anayehitaji miwani yake hapa ila yeye.

Alhamisi, 16 Agosti

Anasuka kwa vidole bila miwani. Mzunguko wa jana una kosa la nane. Alilisikia kwa kidole mizunguko minne baadaye, akafumua. Siku zinakwisha.

Leo nilimfuata hadi mtoni na daftari, hatua kumi nyuma na kisha ubavuni. Niliyoyaona: kichwa kimeinama muda wote, ukanda unakivuta nyuma, shingo inabishana nao. Kazi iko sentimita thelathini kutoka machoni, chini ya kidevu. Kila hatua nne au tano jicho linaruka kwenda njiani, mbele kidogo, kisha linarudi. Ukanda unapita juu ya masikio, kwa hiyo miguu ya fremu yangu haikuwa na mahali pa kukaa tangu mwanzo. Ilibanwa, ikainua lenzi, ikaziweka katikati ya jicho na korongo.

Mama mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Muthoki! Huyo mwalimu anakuchunga kama ng'ombe wa mahari!"

"Mwache," Muthoki akamjibu bila kuinua kichwa. "Amegundua kwamba watu hutembea."

Jumamosi, 18 Agosti

Asubuhi nzima nimechora. Lenzi zikae chini puani, ili jicho lipite juu yake kwenda njiani: hilo ni rahisi, nimeligeuza daraja. Miguu ndiyo iliyonishinda. Nimejaribu miguu mifupi, miguu ya kupinda, miguu ya kupita juu ya ukanda. Kurasa tisa.

Nilipotoka kwenda kunywa chai Muthoki alichukua koleo langu. Niliporudi miguu yote miwili ilikuwa imekunjwa kuelekea juu, kama ndoano. Akavaa ukanda wake pajini, akazitundika ndoano kwenye ukanda, lenzi zikashuka zikatua mahali pake. Akaenda hadi zizini na kurudi akisuka. Akaruka jiwe bila kupunguza mwendo.

Miguu sasa ina mipindo minne badala ya sita. Imara zaidi, tena haihitaji masikio. Kwa ufafanuzi mkali si miwani tena, ni sehemu ya mzigo. Nilimwambia kwamba ukingo wa ndoano ya kushoto hauko sawa na wa kulia. Ni kweli, hauko.

Nimechora umbo lake katika daftari. Sijui niandike jina la nani chini.

Jumatano, 22 Agosti

Kiondo cha nne kinakaribia mdomo. Nimekikagua uzi kwa uzi. Hakuna kosa. Vile vitatu viko ndani ya gunia, na makosa yake saba, na tunalipita gunia hilo kama watu wanaopita penye mgonjwa.

Nilipendekeza apeleke kimoja tu, kile kizuri. Akasema masharti ni vinne. Pungufu ya vinne pia ni kutolewa. Nilipendekeza amweleze mkaguzi ukweli. Akaniuliza kama nimewahi kusikia mwanafunzi akionyesha majibu yake mabaya kabla daftari halijafunguliwa.

Sijawahi.

Jumamosi, 25 Agosti

Naandika papo hapo, nimekalia gunia la mkonge uwanjani nyuma ya stoo ya kikundi, sokoni. Mwandiko wangu usamehewe.

Mkaguzi amefika saa nne: Bwana Kivuva, suti ya kijivu, tai, umri wangu au zaidi. Akina mama thelathini na mmoja. Muthoki alikuja kwa miguu, viondo vyake vinne mgongoni, akisuka cha tano. Alipotua mzigo alibaki na ukanda pajini, na miwani ikining'inia. Ameitwa wa mwisho.

Bwana Kivuva alifanya kazi upesi mno. Kiondo anakishika kwa mkono ulionyooka, anakigeuza, anapitisha kiganja. "Sawa. Sawa. Hiki, sawa." Nikamhesabia: sekunde tano kwa kila kimoja. Akavifikia vya Muthoki. Cha kwanza. "Sawa." Cha pili, cha tatu — "sawa, sawa." Cha nne, kile kisicho na kosa, alikitazama kidogo zaidi. Nacho kikapita!

Vyote vikapita. Mia moja na ishirini na vinne, na hakikurudi hata kimoja. Vigelegele. Syokau alimkumbatia Muthoki, na kwa dakika moja hivi nadhani alikuwa mkweli. Viondo vya Muthoki viliwekwa juu kabisa ya rundo. Nilikuwa nikifunga daftari hili.

Bwana Kivuva akatoa kitabu cha stakabadhi, akakisogeza mbali, akakunja uso. Kisha akauona ukanda.

"Mama, umebeba nini hapo na mzigo hauko?"

"Nimebeba macho," Muthoki akasema.

Wakacheka, naye akacheka. Akaomba ajaribu. Nani angemnyima? Mwanamume mwenye tai akainamisha kichwa, Muthoki akamvisha ukanda wa kubebea kuni, akaziweka lenzi sawa puani mwake. Pua yake ni ya wastani kabisa.

Akautazama ukurasa wa stakabadhi. Kicheko kikakoma.

"Haki ya Mungu," akasema. "Kumbe hapa chini kuna maandishi!"

Akasoma yote, kwa sauti, hadi jina la mpiga chapa. Akauliza nani ametengeneza. Wote wakaninyooshea vidole. Muthoki peke yake hakuinua mkono. Bwana Kivuva akasema nitaandikiwa barua, kwamba mtu kama mimi anahitajika Nairobi. Kisha akasimama hivyohivyo, ukanda pajini, akauvuta mkono wa koti.

"Hebu leteni vile viondo tena. Vyote. Tuanze na hivi vya juu."

Hakuna anayecheka sasa. Mwanamume aliyevaa ukanda wa mwanamke, na akina mama thelathini na mmoja kimya! Muthoki ananitazama kutoka upande wa pili wa uwanja. Vya mbali anaviona vizuri kabisa. Bwana Kivuva ameshika kiondo cha kwanza na anakizungusha polepole, mzunguko kwa mzunguko, kama mtu anayesoma. Kidole kimesimama. Anakisogeza karibu na lenzi — sentimita thelathini, umbali sahihi kabisa — na anauliza hiki ni cha nani.