Swali Nililompelekea Baba Kambini

Nkoma,
14 Septemba 1957

Kaka yangu Novatus,

Wangaluka, kaka. Habari za mgodini, na wifi Justina hajambo? Sisi tunapumua. Mafua yamepungua, watoto wanakohoa kidogo tu.

Umeniandikia kwa hasira: karatasi ya kambi inasema Baba alifariki Jumamosi, nami nilikupelekea telegramu ya msiba Jumanne, siku nne kabla yake. Unasema karatasi ni ya uongo, unataka kumshtaki dresa Joakim, mhudumu wa wagonjwa, kwa Bwana DC. Ngoja kwanza.

Wagonjwa wa mafua waliwekwa shuleni, ndiyo hiyo kambi, nasi tulikatazwa kuvuka kamba iliyoizunguka. Kila asubuhi Joakim alikuja na daftari, kitambaa puani, akasoma: fulani anaendelea, fulani anaendelea. Wote wanaendelea, na nyuma ya shule makaburi yanaongezeka! Waliofiwa waliitwa pembeni, lakini mimi niliwaona wachache kuliko makaburi. Nilimpa kibuyu cha maziwa ya Baba, kikarudi kitupu, nikajiuliza ni nani anayeshiba. Hata mashavu ya Joakim niliyaona yamenenepa.

Basi nikamtega. Nikamwomba amuulize Baba ni ng'ombe gani aliyenikuza kwa maziwa Mama alipofariki. Nani asiyejua kwetu? Ni yule mweupe. Jumatatu Joakim akaniambia mzee amecheka kidogo, amesema ni mwekundu. Nikajua Baba hayupo, na huyu anabahatisha rangi. Kesho yake nikakupelekea telegramu, nikaacha kupeleka maziwa, nikanyoa nywele, nikakaa matanga. Jirani yetu Wilhelmina alikuja kusema Joakim ananiita kwenye kamba. Nikamjibu kwamba anataka maziwa.

Jumapili akafika shangazi Pelagia kutoka Sapiwi. Nilipomsimulia akashika mdomo. Akasema yule mweupe aliletwa nikiwa nimeshaanza kutembea. Aliyenikuza alikuwa mwekundu, akafa kabla sijapata akili. Wewe huenda unamkumbuka, kaka. Sikukuuliza.

Nilikimbia shuleni. Joakim hakunigombeza. Alisema Baba alikataa uji wa kambi siku zote hizo, akiwaambia wangoje, Felisita yuko njiani na maziwa. Walimzika Jumamosi ileile, hapakuwa na mtu wa nyumbani.

Siku niliyokupelekea telegramu, kaka, Baba alikuwa hai na ana njaa. Kama ni kushtaki, andika jina langu.

Shangazi anakusalimu, na watoto wote. Mpe wifi mkono wangu. Ukiweza kunijibu, nijibu.

Dada yako,
Felisita Bundala